Kufuli, Amana na Notisi: Mjadala wa Kodi za Nyumba Nairobi

MWENYE NYUMBA: Kodi ya nyumba za kupanga Nairobi hudaiwa mwanzoni mwa mwezi, kwa kawaida kufikia tarehe tano. Tarehe hiyo haikuokotwa barabarani. Maghorofa mengi ya Kayole, Umoja, Zimmerman na Pipeline yalisimamishwa kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, na mkopo una tarehe yake isiyosikia udhuru. Kodi ya mpangaji mmoja ikikosekana, mwenye nyumba huziba pengo kutoka mfukoni, ama pengo lenyewe huanza kuzaa riba. Kando ya mkopo kuna mshahara wa bawabu, gari la taka, na maji ya boza yanayonunuliwa mifereji inapokauka. Serikali nayo ina fungu lake: mwenye mapato ya kodi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kuteremshwa kutoka asilimia 10. Ushuru huo hupigwa hesabu kwa mapato yote, kabla ya kuondoa gharama hata ya balbu. Anayeona malimbikizo ya miezi miwili kuwa jambo dogo hajawahi kuketi na daftari hilo.

MPANGAJI: Mkopo wa benki ni mkataba wa watu wawili, na mpangaji si mmoja wao. Yeye ana daftari lake. Mshahara wa walinzi wa kampuni na wa vibarua wa viwandani huahidiwa mwisho wa mwezi, na mara nyingi hufika tarehe saba au kumi. Fundi wa mjengo hulipwa kwa siku au kwa wiki. Mvua ikinyesha halipwi. Mama anayewafulia watu nguo hana hakika ya kazi ya kesho. Kodi basi hudaiwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa kipato kinachoingia kidogo kidogo, na siku ya kudai imewekwa kabla ya siku ya kupata. Kuchelewa siku kumi na kukataa kulipa ni mambo mawili, ilhali faini ya kuchelewa, maneno makali na kufuli haviyatofautishi.

MSIMAMIZI WA PLOTI: Mlangoni tofauti hiyo huonekana mapema. Anayechelewa hupiga simu kabla ya kupigiwa, hutaja tarehe, na hutanguliza elfu tatu kwa M-Pesa. Aliyekwisha kuamua kutolipa huzima simu, huingia saa tano za usiku na kutoka kabla ya alfajiri. Wasimamizi wengi hulipwa kwa kupewa chumba bila kodi au kwa punguzo, kwa hiyo hawana mamlaka ya kusamehe deni. Wanachoweza ni kuligawa: nusu leo, nusu katikati ya mwezi. Katika ploti ambayo msimamizi analala humo humo, ni nadra deni kufika miezi mitatu. Hufika huko kwenye majengo ambayo mwenyewe anaishi Marekani au Uingereza, ajenti yuko mjini, na hakuna anayejua mpangaji wa chumba cha nane aliachishwa kazi lini.

WAKILI: Kabla ya kufikia kufuli ni vyema hatua za kisheria ziwekwe kwa mpangilio, maana wengi huchanganya notisi na ruhusa ya kumtoa mtu. Mkataba usiotaja muda wala namna ya kuuvunja huhesabiwa, chini ya kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, kuwa mkataba wa vipindi, na kipindi chake hufuata jinsi kodi inavyolipwa. Kodi ikilipwa kila mwezi, notisi ya kuuvunja haiwezi kupungua mwezi mmoja. Notisi humaliza mkataba, basi. Haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuingia chumbani, kugusa kitanda wala kubadilisha kitasa. Mpangaji asipotoka, anayeweza kumtoa ni hakimu au jopo kwa amri iliyoandikwa, na mara nyingi amri hiyo humtaka mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo asimamie usalama.

Jopo linalotajwa hapo lipo chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, ya mwaka 1959. Nguvu zake zinaishia kwenye nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya kisheria huanza kupimwa kwa ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Bedsita ya Zimmerman ilivuka kiwango hicho zamani. Mzozo wake huenda kwa hakimu au kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwenye foleni moja na kesi za mashamba ya ekari mia.

MWENYE NYUMBA: Foleni hiyo ndiyo kiini cha ugomvi wote. Chukua nyumba ya shilingi 12,000 kwa mwezi, yenye amana ya shilingi 12,000. Kodi ya Machi haikulipwa. Mwenye nyumba mvumilivu husikiliza ahadi hadi mwisho wa mwezi, hutoa notisi ya Aprili nzima, na Mei inapoingia mpangaji bado yumo. Kesi hufunguliwa, hutajwa, huahirishwa. Hata ikiisha Septemba, na hiyo ni bahati, deni limefika miezi saba, yaani shilingi 84,000 dhidi ya amana ya 12,000, na wakili bado hajalipwa. Mpangaji hana mali ya maana ya kukamatwa wala mshahara wa kukatwa. Sheria inayomtaka mtu asubiri miezi saba kwa dhamana ya mwezi mmoja imemfanya mfadhili bila kumuuliza. Kufuli likining'inia mlangoni, deni hulipwa jioni ileile.

MPANGAJI: Hulipwa jioni ileile kwa sababu ndani ya chumba kumefungiwa dawa za presha, sare za shule, kitambulisho na unga wa chakula cha usiku. Deni la shilingi 8,000 limeshikiwa maisha ya familia nzima. Wala pesa inayopatikana jioni hiyo haikuwa imefichwa chini ya godoro. Hukopwa kwenye simu kwa riba kali, ama huuzwa cherehani iliyokuwa ikileta kodi. Mwezi unaofuata deni lingalipo, limebadilisha mdai tu. Mlinzi aliyefungiwa sare yake hakosi zamu moja pekee. Huenda akakosa kazi, na hapo kufuli limekula kodi ambayo bado haijafika. Wenye nyumba hupenda kusema dawa ya deni ni kulipa. Waseme basi mtu hulipa vipi akiwa amefungiwa vifaa vya kazi.

WAKILI: Katika hili sheria haina maneno mawili. Haki ya mpangaji ya kukaa bila kusumbuliwa imo ndani ya mkataba wake hata kama haikuandikwa. Kufunga mlango, kung'oa dirisha, kukata maji au stima ili mtu ahame ni kuivunja haki hiyo, na kwa nyumba zilizo chini ya Sura 296 kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumhamisha ni kosa la jinai. Hata karatasi inayobandikwa getini ikiwa na majina ya wadeni, namba za vyumba na kiasi wanachodaiwa ina hatari yake tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa kuwa hizo ni taarifa binafsi zinazotangazwa ili kuaibisha. Aliyefungiwa anaweza kuomba amri ya dharura ya kufunguliwa, na baadaye fidia.

Inabidi kukiri hata hivyo kwamba amri ya dharura inahitaji hati za kiapo, ada na siku kadhaa, na anayelala kibarazani kwa jirani hana siku kadhaa. Uzito wa mahakama unaolalamikiwa na mwenye nyumba humwangukia mpangaji pia. Ndiyo maana wenye kufunga milango wengi hawashtakiwi kabisa.

MSIMAMIZI WA PLOTI: Mwaka 2020 ulionyesha pande zote zinavyokuwa zikibanwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alithibitishwa Machi. Baa zikafungwa, kafyu ikaingia, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Serikali ilipunguza ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini kodi za nyumba haikuzisimamisha. Wako wenye nyumba waliosamehe kodi ya miezi miwili kwa hiari yao, na wako waliong'oa milango na mabati ya paa watu wakiwa ndani. Mzigo uliachwa kwa watu wawili waliotazamana mlangoni, na msimamizi katikati akiwa na nyundo aliyoagizwa kuitumia.

Wapangaji nao si malaika. Mwenye deni la miezi miwili huhama kwa vipande: runinga hupelekwa kwa mjomba Jumatatu, jiko la gesi Alhamisi, godoro usiku wa Jumamosi. Ufunguo huachwa juu ya meta ya stima, na namba ya simu haipatikani tena. Kwa sababu hiyo mageti mengi hayafungulii lori la kuhamisha bila karatasi ya ruhusa kutoka kwa ajenti, na mpangaji asiyedaiwa hata shilingi naye hungoja karatasi hiyo juani.

WAKILI: Mambo hayo yana sheria yake, ya kukamata mali ya mpangaji mwenye deni, Sura 293. Mwenye nyumba hutumia dalali mwenye leseni, naye huorodhesha vitu, hutoa siku za kulipa na kukomboa, kisha huuza kwa mnada. Mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kubeba hata kiti. Anayehamisha mali kwa hila ili kukwepa anaweza kudaiwa thamani yake mara mbili. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura 296, dalali haanzi kazi bila kibali cha jopo.

Chimbuko la sheria hiyo lafaa kuangaliwa. Inatamka kwamba anayedai kodi atakuwa na haki ileile ya kukamata mali iliyopo katika sheria ya mapokeo ya Uingereza. Uingereza yenyewe iliifuta haki hiyo ya mapokeo mwaka 2014. Huko England na Wales utaratibu mpya ulioichukulia nafasi unahusu majengo ya biashara peke yake, na nyumba za makazi haziguswi. Kenya ingali inakopa kwenye duka ambalo mwenyewe alishalifunga.

MWENYE NYUMBA: Duka liwe wazi au limefungwa, mnada haumsaidii mwenye bedsita za kukodisha. Godoro lililolaliwa miaka minne, sufuria tatu na runinga ambayo haijamalizwa kulipiwa havifikii hata ada ya dalali. Kukamata mali huleta pesa kwenye maduka na maofisi. Kwenye nyumba za watu dhamana iliyobaki ni amana, nayo hupigwa vita kana kwamba ni wizi.

MPANGAJI: Hupigwa vita kwa sababu hairudi. Mpangaji huingia na mwezi wa kodi na mwezi wa amana kwa pamoja, na kwingine amana ya maji na ya stima juu yake. Siku ya kutoka huandikiwa orodha: rangi ya kuta, kitasa, sinki, msumari uliopigwa ukutani, kusafisha. Rangi ndiyo inayokera zaidi. Ukuta uliopakwa mara moja na kukaa miaka sita ungepakwa upya hata kama angekaa mtawa humo, lakini gharama yake hukatwa kwa mpangaji anayeondoka, kisha anayeingia hukuta ukuta uleule na alama zilezile. Kwa kulijua hilo, wapangaji wengi huila amana yao wenyewe: wakishatoa notisi, mwezi wa mwisho hawalipi. Mkataba unakataza. Uzoefu unafundisha vingine.

MWENYE NYUMBA: Na mwezi huo wa mwisho ukiliwa, choo kilichozibwa kwa nepi za mtoto na mlango wa kabati uliovunjwa hulipwa na nani? Amana haikuwekwa kwa ajili ya kodi. Iliwekwa kwa ajili ya uharibifu, na mpangaji anayeila amemnyang'anya mwenye nyumba kinga yake wiki nne kabla ya ukaguzi.

MSIMAMIZI WA PLOTI: Ukaguzi wenyewe ni nusu ya tatizo. Siku ya kuingia hakuna anayeandika chochote. Mpangaji yuko na lori la kulipia, msimamizi ana ufunguo mkononi, na wote wana haraka. Miaka mitatu baadaye wawili hao wanabishana kama ufa wa sinki ulikuwepo. Picha nne za simu zilizopigwa siku ya kwanza na kutumwa kwa ajenti zingemaliza ugomvi mwingi, na hazigharimu kitu. Tena si kila amana inayopotea imeliwa na mwenye nyumba. Amana nyingi hukaa kwa ajenti, na ajenti akibadilishwa mpya husema hakukabidhiwa. Maajenti wanatakiwa kusajiliwa chini ya Sura 533, lakini wapangaji wangapi wamewahi kuomba kuona cheti?

WAKILI: Kisheria mpangaji hurudisha nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida. Tundu la ngumi mlangoni siyo. Mbali na hapo Kenya haina sheria ya nyumba za makazi inayosema amana isizidi kiasi gani, ikae wapi au irudi baada ya siku ngapi. Kila kitu kimeachiwa mkataba, na mkataba huandikwa na upande mmoja.

Kwingine pengo hilo limezibwa. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Nyumba za Kupanga ya 1999, amana hukaa kwenye akaunti inayozaa riba na riba hiyo ni ya mpangaji. Pande zote mbili hukagua nyumba pamoja wakati wa kuingia na wa kutoka. Mwenye nyumba asipofika kwenye ukaguzi wa mwisho huhesabiwa amekubali kwamba nyumba iko sawa. Kama hakuna cha kukatwa, amana hurudishwa ndani ya siku saba. England na Wales, tangu Aprili 2007, amana za mikataba mingi ya makazi lazima ziwekwe chini ya mpango maalumu wa ulinzi, na mwenye nyumba anayekiuka anaweza kuamriwa kulipa hadi mara tatu ya amana yenyewe.

MWENYE NYUMBA: Mifano hiyo huchukuliwa nusu. Huko amana inalindwa, lakini pia kuna kumbukumbu za mpangaji alikotoka na mwajiri anayejulikana. Nairobi mwenye nyumba humpokea mtu kwa nakala ya kitambulisho na namba ya simu inayoweza kutupwa kesho. Kama amana itawekwa mahali asipoifikia, basi iwe ya miezi miwili au mitatu. Dar es Salaam wametatua jambo hili kwa njia fupi: kodi ya miezi sita au ya mwaka hulipwa mbele, na habari ya malimbikizo haisikiki sana.

MPANGAJI: Haisikiki kwa sababu aliyeshindwa hakuingia. Kodi ya mwaka mbele huhamisha taabu kutoka mwisho wa mwezi hadi mlango wa kuingilia, na ada ya dalali wa nyumba, ambayo huko kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, huongezwa hapo hapo. Halafu paa likivuja mwezi wa tatu, mwenye nyumba ana pesa za miezi tisa mkononi na hana haraka yoyote ya kumwita fundi. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji amebaki na maneno ya mkataba wake pamoja na busara ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa mtu wa Pipeline, amana ya miezi mitatu ya nyumba ya shilingi 12,000 ni shilingi 36,000 kabla ya kodi ya kwanza. Hiyo inamrudisha kwenye chumba cha mabati.

WAKILI: Chumba cha mabati kinaleta kinaya ambacho mjadala huu hukipita upesi. Huko Mathare, Kibera na Mukuru ndiko vyumba vya shilingi 2,000 bado vinapatikana, kwa hiyo ndiko Sura 296 ingefaa kufanya kazi yake. Lakini mwenye kibanda mara nyingi hana hati ya ardhi kilipojengwa. Akienda mbele ya jopo huenda akaulizwa kuhusu umiliki wake mwenyewe. Mpangaji naye akienda huenda akarudi akute chumba kimepewa mtu mwingine. Wanaokingwa zaidi na maandishi ndio wasiomwona hakimu kamwe, na kodi zao huamuliwa na vijana wa mtaa.

Mombasa ina sura yake pia. Katika Majengo na Kisauni ziko nyumba nyingi ambazo mwenye kuta si mwenye ardhi: anamiliki jengo, lakini uwanja ni wa mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye nyumba wa namna hiyo hudai kodi kwa mpangaji wa chumba huku naye akidaiwa na mwenye kiwanja. Akiwa na malimbikizo, wapangaji waliolipa kwa wakati wanaweza kujikuta nje pamoja naye.

MWENYE NYUMBA: Kinaya kingine kiongezwe hapo. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2016 yanamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi ampe aliyeivamia bila ruhusa notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa. Mvamizi miezi mitatu, mpangaji mwezi mmoja! Wabunge walipima nini?

MPANGAJI: Swali ni zuri, ila jibu lake halimfai anayeliuliza. Kama asiye na mkataba wowote hutendewa kwa notisi ya miezi mitatu, aliyelipa kodi miaka minne na akakosa miezi miwili hastahili kuamka asubuhi akute mlango umeng'olewa. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inataja haki ya makazi yanayofaa, na haikusema haki hiyo huisha tarehe sita.

WAKILI: Ibara ya 43 isibebeshwe isichobeba. Inaielekea zaidi serikali, nayo inatakiwa kuitekeleza hatua kwa hatua. Haimlazimishi mtu binafsi kumhifadhi mwingine bure. Ibara ya 40 inalinda mali ya mwenye nyumba kwa uzito uleule. Mahakama hazijawahi kuwa na shida ya kumpa mwenye nyumba amri ya kumtoa asiyelipa. Shida ni muda kati ya ombi na amri, na ni nani anaubeba muda huo. Leo mwenye nyumba anayefuata sheria huubeba peke yake, na asiyeifuata humtupia mpangaji wote kwa kufuli moja.

Jitihada za kurekebisha zimekuwepo. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha Sura 293, Sura 296 na ile ya maduka na hoteli, Sura 301, ziwe sheria moja, na kukataza kufurusha watu bila amri. Haukufika kuwa sheria. Kilichopo ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Dai la amana iliyozuiliwa linaweza kupelekwa huko kama pesa za mtu zilizoshikwa na mwingine, bila wakili. Mzozo wa nani akae ndani ya nyumba hauwezi; sheria hiyo imeuondoa kwa kutaja.

MWENYE NYUMBA: Maana yake mpangaji hupata amana yake ndani ya siku 60, na mwenye nyumba hungoja nyumba yake mwaka mzima. Siku 60 zitolewe kwa wote wawili. Mwenye nyumba akijua kwamba hakimu atasema ndiyo au hapana kabla ya mwezi wa tatu, hana sababu ya kununua kufuli.

MPANGAJI: Hilo linakubalika kwa sharti kwamba amana itoke mikononi mwake siku hiyohiyo na kuwekwa mahali pa tatu. Hakimu wa haraka akiongezwa juu ya mfumo wa sasa, bila hilo, litakalokuwa limeharakishwa ni kufurusha peke yake.

WAKILI: Kuna njia ya kati ambayo mahakama huitumia hata sasa: kesi inapoendelea, mpangaji huamriwa aweke kodi ya kila mwezi mahakamani au kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Anayepinga ongezeko la kodi au anayedai paa litengenezwe huilipa bila taabu. Asiyeilipa humpa hakimu sababu ya kumaliza kesi mapema. Deni la zamani hubaki pale pale kungoja hukumu, lakini haliongezeki.

MWENYE NYUMBA: Kodi iliyo mahakamani hailipi benki.

MPANGAJI: Wala iliyo kwenye mkopo wa simu hailipi karo. Kufuli ni haramu leo, bila kungoja mswada wowote. Kinachojadiliwa hapa ni amana na siku 60.

MSIMAMIZI WA PLOTI: Liko jambo halijaguswa. Mwenye nyumba hupiga simu kutoka mbali na kusema mlango ufungwe kufikia saa kumi. Msimamizi akikataa hupoteza chumba anachoishi na watoto wake, bila notisi, maana hana mkataba wa kupanga wala barua ya kazi. Akikubali, jina litakaloandikwa kituoni ni la nani?

WAKILI: La aliyefunga na la aliyemtuma. Kuagizwa hakumwondolei msimamizi dhima. Anaweza kushtakiwa pamoja na mwenye nyumba na fidia ikadaiwa kwa wote wawili. Ujumbe wa simu uliotoa agizo uhifadhiwe, kwa kuwa aghalabu ndio ushahidi pekee utakaomfikisha mahakamani aliye mbali.